Tezi dume ya gramu 92: kukwangua, kupasua au leza?

Swali: "Daktari, mimi ni dereva wa malori mstaafu, miaka 68, naishi Umoja, Nairobi. Nina mpira wa mkojo tangu mwezi wa pili. Umetolewa mara mbili nijaribu kukojoa, na mara zote mbili nimeshindwa. Siku ya kwanza ulipowekwa ilitoka lita moja na ushei. Ultrasaundi inasema tezi ni gramu 92, na kile kipimo cha damu cha tezi, PSA, ni 4.1, nikaambiwa hiyo ni sawa tu. Nina sukari, natumia vidonge. Kwa miezi 14 nimemeza ile dawa iliyochanganya tamsulosini na dutasteride. Daktari wa kwanza, wa hospitali ya serikali, amesema nipasuliwe. Wa pili, wa kliniki ya binafsi, amesema kisu cha nini, atanikwangua kwa kupitia njia ya mkojo. Kijana wangu aliye Marekani amenitumia video ya matibabu ya mvuke, anasema huko watu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Na jirani yangu alikwanguliwa miaka 7 iliyopita, sasa mkojo umeanza kumsumbua tena. Nimfuate nani? La mwisho, usinicheke: mke wangu ana miaka 54. Nikishafanyiwa, bado nitakuwa mume?"

Mzee wangu, shikamoo. Sikucheki. Hilo la mwisho naulizwa karibu kila siku ya kliniki, na karibu kila mara huulizwa mgonjwa akiwa ameshasimama, mkono kwenye kitasa cha mlango. Nitalijibu. Lakini niruhusu nianze na ile 92, kwa sababu imeshakata nusu ya mashauri haya kabla hata sisi madaktari hatujafungua mdomo.

Tezi dume ya kijana ina gramu 20 hivi. Imekaa chini ya kibofu, na njia ya mkojo inapita katikati yake kama uzi ndani ya ushanga. Umri ukisogea, nyama ya ndani inayozunguka njia hiyo huota, na ile ya nje husukumwa pembeni ikabanwa kama ganda. Hiyo si saratani. Wala haikuletwa na kubana mkojo kati ya Mariakani na Malaba, ingawa najua madereva wengi huamini hivyo. Kinachoiotesha ni homoni ya kiume na miaka. Tena ukubwa peke yake si ugonjwa: wapo wenye gramu 100 wanaokojoa bila taabu, na wapo wenye gramu 35 wanaotembea na mpira. Ila mtu akishafika mahali pa kufanyiwa upasuaji, kama ulipofika wewe, hapo ukubwa ndio unaochagua chombo.

Anachokupendekezea daktari wa pili, na alichofanyiwa jirani yako, ni kitu kimoja. Tunakiita TURP. Bomba jembamba lenye kamera hupitishwa kwenye njia ya mkojo, na mbele yake kuna kitanzi cha waya kinachopitisha umeme. Kitanzi kinakata nyama kijipande kwa kijipande, daktari akianzia katikati na kuelekea nje. Bila shaka umewahi kumwona mtu amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Ni vivyo hivyo: nyama inatoka kidogo kidogo kuelekea kwenye kifuu, na mwenye haraka hubakisha.

TURP ni upasuaji mzuri. Umefanywa kwa miongo mingi, hauachi kovu tumboni, hufanywa kwa sindano ya mgongo, na mpira hutolewa baada ya siku 2 au 3. Kwa tezi ya gramu 30 hadi 80 hivi bado ndio kipimo ambacho upasuaji mwingine wote hulinganishwa nacho. Ungeniandikia una gramu 50, jibu langu lingekuwa fupi sana.

Taabu ya kukuna nazi kubwa ni saa. Daktari anapokata, maji hupita muda wote kuosha damu ili aone, na sehemu ya maji hayo huingia mwilini kupitia vimishipa vilivyokatwa. Mashine za zamani hutumia maji yasiyo na chumvi, kwa kawaida yenye glaisini, kwa sababu umeme wake haufanyi kazi ndani ya maji ya chumvi. Yakiingia mengi, sodiamu ya damu inashuka, na ubongo ndio unaolalamika kwanza. Nikiwa mwanafunzi wa upasuaji, katika hospitali nisiyoitaja, nilisimama kichwani pa mzee mmoja aliyekuwa akikwanguliwa kwa sindano ya mgongo. Alikuwa mcheshi, tukapiga soga vizuri. Saa ilipopita akaanza kumuuliza nesi ng'ombe wamefungwa wapi. Kila mtu thieta akacheka, isipokuwa daktari wa usingizi, ambaye alisema kwa sauti ya chini, "Simamisha." Mzee alipona. Lakini tangu siku hiyo, mgonjwa wangu akinyamaza ghafla au akizungumza yasiyoeleweka, mimi hutazama saa ukutani.

Ndiyo sababu tulifundishwa kutovuka dakika 60. Mashine mpya, zile za baipola, hutumia maji ya chumvi na hatari hiyo karibu imeondoka, kwa hiyo mkono uliozoea unaweza kwenda mbele zaidi. Hata hivyo damu inaendelea kutoka muda wote wa kukata. Katika gramu zako 92, nyama ya ndani inayotakiwa kutoka huenda ikawa 60 au zaidi, na wakwanguaji wengi hutoa chini ya gramu moja kwa dakika. Piga hesabu mwenyewe, wewe uliyezoea kupiga hesabu ya dizeli na kilomita. Kwa hiyo mrudie daktari wa pili na maswali mawili, kwa adabu: mashine yako inatumia maji gani, na unakusudia kutoa gramu ngapi? Akijibu ya chumvi, na kwamba tezi kubwa kama yako ni kazi yake ya kila mwezi, msikilize. Akisema atafungua tu kijia kidogo cha kupitishia mkojo, basi anakupangia kurudi.

Hapo tumemfikia jirani yako. Kati ya wanaume 100 waliofanyiwa TURP, kila mwaka mmoja au wawili huhitaji kufanyiwa tena kitu. Miaka 7 baadaye si ajabu wala si kurogwa. Ama nyama iliyobaki imeota, ama njia ya mkojo au shingo ya kibofu imefanya kovu na kubana. Mambo haya mawili yanafanana kwa dalili lakini matibabu yake ni tofauti kabisa, kwa hiyo aende akapimwe kasi ya mkojo na achunguzwe kwa kamera, kabla hajapoteza pesa kwa mizizi ya kutoka River Road.

Sasa daktari wa kwanza. Watu wakisikia kupasuliwa huona wamerudishwa nyuma, kwamba hospitali ya serikali haina kitu kingine cha kuwapa. Namtetea mwenzangu huyo: kwa tezi ya gramu 92 hajakosea hata kidogo. Upasuaji wa wazi ulianza kupata sifa mwanzoni mwa karne ya 20 jijini London, mikononi mwa Peter Freyer, na mwaka 1945 Terence Millin akaonyesha njia ya kuifikia tezi bila kufungua kibofu. Njia zote mbili zinategemea jambo moja ambalo mpaka leo hunifurahisha nikilishika kwa kidole: nyama iliyoota haikugandamana na ganda lake. Ipo nafasi kati yao. Nazi hukunwa, lakini hili ni chenza. Ukipata pa kuanzia, unalimenya, na vipande vyote vinatoka vizima.

Faida ni kwamba nyama iliyoota haibakishwi, kwa hiyo uwezekano wa kurudi kwenye foleni ni mdogo. Kama kibofu kina mawe, na vibofu vya waliokaa na mkojo muda mrefu wakati mwingine huwa nayo, yanatolewa hapo hapo. Pia hakuna mashine ya bei mbaya inayoweza kuharibika katikati ya kazi. Gharama yake ni damu: katika taarifa nyingi, wagonjwa kati ya 7 na 14 kwa kila 100 huhitaji kuongezewa. Kuna kidonda chini ya kitovu, mpira hukaa kama wiki moja, na mwenye sukari lazima awe macho na kidonda hicho, maana sukari ikipanda kidonda hakifungi na usaha haukawii.

Leza hukuitaja, na nadhani hakuna aliyekuambia. Miaka ya 1990 huko Tauranga, New Zealand, daktari Peter Gilling na wenzake walipata namna ya kulimenya chenza lile lile kwa kupitia mlango wa TURP. Mwali wa leza ya holimiamu unaingia kati ya nyama na ganda, unatenganisha huku ukifunga mishipa ya damu, kisha mapande makubwa ya nyama yanasukumwa ndani ya kibofu. Hapo huingizwa kisagio kidogo kinachoyasaga na kuyafyonza. Jina lake ni HoLEP. Wengine hutumia leza ya thuliamu, na wapo wanaomenya kwa umeme wa baipola bila leza yoyote. Wazo ni moja. Ilipolinganishwa na kupasua, mkojo ulitoka sawasawa kwa makundi yote mawili, lakini waliomenywa kwa ndani walipoteza damu kidogo na mpira ukatolewa mapema, mara nyingi siku ya 1 au ya 2. Na haijali ukubwa. Gramu 92, gramu 200, chenza ni chenza.

Kwa tezi yako, kama ningekuwa mimi nimelala kitandani hapo, ningetaka hiyo. Ila kuna mambo mawili.

Kwanza, neno leza limekuwa kama neno "original" kwenye maduka ya Luthuli Avenue, kila kitu kimebandikwa. Ipo leza ya kumenya, niliyoieleza. Ipo pia leza ya kuchoma, ile ya mwanga wa kijani, inayoigeuza nyama kuwa mvuke kuanzia katikati kwenda nje. Hiyo ina kazi yake nzuri, hasa kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiyeweza kuziacha, lakini kwa namna ya kazi ni ndugu wa kukuna nazi, na haiachi nyama ya kupeleka maabara. Ukiambiwa "tuna leza", uliza: inamenya au inachoma? Mtaalamu atakuelewa mara moja, na pengine atatabasamu.

Pili, kumenya kwa ndani ni kazi ngumu kujifunza. Inakubalika kwamba daktari huhitaji wagonjwa 25 hadi 50 kabla mkono haujatulia. Sikuombi uwe wa 12. Nairobi ina madaktari bingwa wa mfumo wa mkojo wengi kuliko pengine popote nchini, lakini hawafanyi kazi zote kwa wingi sawa, na kumuuliza daktari si utovu wa heshima. Uliza amemenya wangapi mwaka huu, wangapi kati yao walikuwa juu ya gramu 80, na mashine ikigoma katikati ya kazi atafanya nini. Jibu la swali la tatu ndilo linalonipa picha ya mtu. Aliye tayari atakuambia bila kusita: nitakata kwa kitanzi, au nitafungua tumbo, na damu yako itakuwa imeshapimwa na kuwekwa tayari. Kati ya leza iliyo mikononi mwa anayejifunza bila msimamizi na kisu kilicho mikononi mwa aliyepasua mamia, chukua kisu, mzee wangu, wala usione haya kuonyesha kovu.

Video ya kijana wako. Matibabu hayo ni Rezum. Sindano ndogo hupitia njia ya mkojo na kuingiza mvuke wa nyuzi 103 ndani ya tezi, sekunde 9 kila mahali. Nyama iliyopigwa mvuke hufa, na mwili huinyonya polepole kwa wiki kadhaa, hata miezi 3. Ni kweli watu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo, ila hurudi na mpira wa siku kadhaa, kitu ambacho video hupita haraka. Sababu inayowafanya wanaume waitafute ni kwamba wengi huendelea kutoa shahawa kama zamani. Ipo na UroLift, vijipini vinavyovuta nyama pembeni bila kukata chochote, yenye sifa hiyo hiyo. Bei yake ni nguvu ndogo ya matokeo: katika majaribio makuu, baada ya miaka 5 wanaume 4 hadi 5 kwa 100 waliopata mvuke walikuwa wamehitaji upasuaji mwingine, na kwa vijipini 13 hadi 14.

Namba za mvuke ni nzuri, utasema. Naam, lakini angalia ni za nani. Jaribio lile lilichukua wanaume wenye tezi za gramu 30 hadi 80 waliokuwa wanakojoa wenyewe, vibaya lakini wenyewe. Wewe una 92 na mpira. Mwambie kijana kwamba gari aliloona ni zuri, ila mzigo wako hauingii humo. Upo pia mkondo wa maji unaoongozwa na roboti, sitaukalia. Na kwa mgonjwa ambaye moyo au mapafu hayaruhusu thieta kabisa, inawezekana kuziba mishipa inayolisha tezi kwa kupitisha kijibomba kwenye mshipa wa paja au mkono. Matokeo yake ni madogo kuliko ya kumenya, lakini kwa mtu huyo ni bora kuliko mpira wa maisha. Sioni kwamba wewe ni mtu huyo.

Sasa nikukalishe kidogo kwenye jambo ambalo hukuliuliza, na ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya nichague barua yako. Uliambiwa PSA ya 4.1 ni sawa tu. Dutasteride, kama ndugu yake finasteride, ikimezwa kwa miezi 6 au zaidi huishusha PSA kwa karibu nusu. Wewe umemeza miezi 14. Kwa hiyo 4.1 yako isomwe kama 8 na kitu. Usishtuke. Tezi kubwa hutoa PSA nyingi kwa sababu tu ni kubwa, na mkojo kuziba, mpira na maambukizi vyote huipandisha, kwa hiyo huenda namba hiyo isiwe na neno baya nyuma yake. Lakini isipite kimya kimya kwa sababu fomu ya maabara haikuiwekea nyota. Aliyeiandika fomu hakujua unameza nini. Mwambie daktari atakayekufanyia jina la dawa na miezi uliyoitumia, akupime kwa kidole, na mkubaliane kama kuna haja ya picha ya MRI au kuchukua vinofu kabla ya thieta. Waafrika tuna hatari kubwa zaidi ya saratani ya tezi dume kuliko mataifa mengine mengi. Hapa si mahali pa kubahatisha.

Na baada ya upasuaji pia. Ukimenywa, kwa leza au kwa kisu, nyama yote huenda maabara na PSA hushuka sana. Ganda linabaki, na saratani nyingi huanzia kwenye hilo ganda. Kwa hiyo upimwe upya miezi michache baadaye ili mpate namba mpya ya kuanzia, kisha uendelee kupimwa. Mtu anayekuambia "tezi imetolewa, saratani haiwezi kukupata tena" hajui kilichotolewa.

Kibofu chako nacho kinanipa mawazo. Lita moja na ushei maana yake kilikuwa kimevutwa kwa muda mrefu, na sukari hupunguza nguvu za mishipa ya fahamu inayokiendesha. Springi ya lori lililozidishiwa mzigo kwa miaka hairudi juu siku unaposhusha mzigo. Uliza kama utapimwa presha ya kibofu kabla ya upasuaji. Si kila mtu huhitaji, ila kwako kipimo hicho kingetuambia mapema tutarajie nini. Wengi wenye historia kama yako huanza kukojoa wenyewe baada ya njia kufunguliwa vizuri, baadhi baada ya kukaa wiki kadhaa zaidi wakijisaidia kwa mpira mdogo wanaouingiza na kuutoa wenyewe. Wachache hawarudi kabisa. Ni heri uambiwe hilo sasa kuliko kulisikia wadini. Figo pia zipimwe tena, hata kama mara ya kwanza ziliambiwa ni nzuri.

Kabla ya siku yenyewe: sukari ishushwe ikae chini kwa wiki kadhaa, si kwa siku mbili. Mkojo uoteshwe maabara, kwa sababu mpira wa miezi mingi lazima una vijidudu, na antibayotiki ichaguliwe kulingana na vijidudu hivyo. Mpira wa kawaida wa lateksi usizidi wiki 4 bila kubadilishwa. Wa silikoni huweza kufika wiki 12. Kwenye matatu, mfuko ufungwe mguuni chini ya usawa wa kibofu, usiushike mapajani, maana mkojo ukirudi juu unarudi na vijidudu. Na kama unatumia aspirini au dawa yoyote ya kuifanya damu iwe nyepesi, hukuitaja, itaje.

Juu ya pesa sitakutajia bei, hubadilika na kila hospitali ina yake. Fahamu tu jinsi ya kuzilinganisha. Kupasua ni nafuu thietani lakini hununua siku nyingi za wadi. Leza ni ghali thietani lakini hukutoa wadini haraka. Kwa hiyo usilinganishe bei ya upasuaji, linganisha bili nzima: thieta, daktari, daktari wa usingizi, wadi, damu ikihitajika, na maabara ya nyama. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, imechukua nafasi ya NHIF. Hakikisha michango yako iko sawa, na idhini iombwe na hospitali itakayokufanyia, kwa jina kamili la upasuaji utakaofanyiwa, kabla hujalazwa. Nimeona mgonjwa amefunga tangu usiku, kisha akarudishwa nyumbani kwa sababu idhini iliombwa ya upasuaji mwingine.

Ukishafanyiwa, wiki za kwanza mkojo utawasha na utakukimbiza. Ukimenywa kwa ndani, huenda ukavuja kidogo ukikohoa au ukiinuka. Kwa walio wengi huisha ndani ya miezi 3 hadi 6, na mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, ile unayoikaza kuzuia upepo, husaidia zaidi yakianza kabla ya upasuaji. Anza leo. Kati ya siku ya 10 na ya 14 hivi, kigaga cha ndani hubanduka na mkojo huwa mwekundu tena. Kunywa maji, pumzika, hukoma. Yakitoka mabonge ya damu, au mkojo ukaziba, au homa ikapanda, usingoje asubuhi. Usibebe mtungi wa gesi, usipande boda boda kwa wiki 6, na usijikamue chooni: papai, sukuma wiki na maji vitafanya kazi hiyo.

Haya, swali la mlangoni.

Vitu viwili huchanganywa na jina moja, nguvu za kiume. Kusimama ni kimoja, kumwaga ni kingine. Mishipa inayosimamisha uume hupita nje ya ganda la tezi, na katika upasuaji wote niliokueleza sisi tunafanya kazi ndani ya ganda. Kwa hiyo mwanaume aliyekuwa anasimamisha vizuri kabla, kwa kawaida husimamisha baada. Aliyekuwa ameshaanza kulegea asitegemee upasuaji umrudishie, na sukari ndiyo mwizi mkubwa hapo, kuliko kisu na leza. Ndiyo maana ukija kliniki nitakuuliza hali ilivyokuwa kabla ya mpira, na nitataka jibu la kweli.

Kumwaga kutabadilika. Shingo ya kibofu inayofunga wakati wa tendo huwa imefunguliwa, hivyo shahawa hurudi nyuma kibofuni na kutoka baadaye na mkojo. Kwa TURP huwapata wanaume 6 au 7 kwa kila 10, kwa kumenya ni zaidi ya hapo. Raha ya kilele hubaki, ingawa baadhi husema imepungua kidogo. Haina madhara kwa afya, ila ni vigumu kumpa mke mimba kwa njia ya kawaida. Wanaume hawaumizwi sana na jambo lenyewe, huumizwa na kutoambiwa: mtu anamaliza, haoni kitu, anadhani ameharibiwa, anaacha kumgusa mkewe na hasemi sababu. Mke naye anadhani kuna mwanamke mwingine. Nimekaa na ndoa mbili zilizofika pabaya kwa ukimya huo.

Kwa hiyo siku ya kutia sahihi, njoo na mama. Aketi humo ndani, nimweleze mbele yako shahawa zitakwenda wapi, na kwamba mnaweza kurudia tendo la ndoa baada ya wiki 4 hadi 6, mkojo ukishakuwa safi. Miaka 54 hatashangaa. Mara nyingi wao ndio huuliza maswali mazuri, tena wakiwa wameketi.